Deni la Sauti

Fukuoka nilijifunza kunawa kabla ya kuomba:
kata ya mti, mkono wa kushoto, wa kulia, kinywa,
kisha kuinama mara mbili, kupiga makofi mawili
mbele ya mbweha wa mawe
waliofungwa vitambaa vyekundu shingoni, kama watoto wachanga.
Kijana mwenye funguo kiunoni akanieleza
kwamba hao ni matarishi wa mungu wa mpunga,
kwamba mmoja wao aliwahi kukimbia na mbegu mdomoni
usiku kucha, asimeze hata punje.
Niliyaandika yote kwenye daftari la majokofu,
kati ya vipimo vya barafu na bei ya minofu.

"Na kwenu?" akaniuliza. "Kwenu kuna nini?"
Nikasema: kuna mawe.
Akangoja niendelee.

*

Mabatini, Mwanza. Nyumba zimepanda mlima kwa magoti,
kuta tatu za tofali, ya nne mwamba wenyewe.
Nimezaliwa hapa. Jiwe hili nalijua kwa kisogo:
kila tulipolipita mama alinishika kidevu, akakigeuzia ziwani,
"Tazama meli,"
hata siku ambazo hapakuwa na meli.

Leo nimepanda nikitazama mbele.

Mlinzi wake ni fundi cherehani, Nkwimba,
futi ya kupimia shingoni, uzi mdomoni,
ameacha sare kumi na tisa za shule hazina kola.
"Twende upesi," anasema. "Umeme wenyewe huu wa kuvizia."

Jiwe lina vishimo vishimo, limelika,
kama bao ambalo mchezaji mmoja ameondoka.
Anasimulia huku akiipapasa kanga, anatafuta sindano:

Mwaka ziwa liliporudi nyuma, furu wakafia matopeni,
mtemi akaamuru ngoma; ngozi zikapasuka kwa ukavu.
Binti mmoja (jina lake halitajwi wakati wa kiangazi)
akaokota kokoto, akabisha hodi kwenye mwamba.
Mwamba ukaitika. Mvua ikaja mbio, bila kuvaa viatu.
Mtemi akataka jiwe lihamie uani kwake:
wanaume arobaini, kamba za ngozi ya kiboko.
Halikusogea. Na tangu siku hiyo
ni bubu kwa kila ajaye na kamba.

"Lakini shangazi yangu," anasema, "hakubali.
Kwake yeye yule binti alikuwa mwizi.
Sauti ilikuwa ya ziwa. Aliichota usiku, akaificha humu.
Ndiyo maana mawimbi hayalali. Yanadai."

"Wewe unaamini ipi?"

"Mimi? Nikiwa na wateja, ya kwanza.
Nikiwa na madeni, ya pili."

Namwambia habari za mbweha.
Haulizi mungu, haulizi mpunga.
"Hivyo vitambaa," anasema, "nani huvishona?"
Miaka miwili, sikuuliza.
Anatikisa kichwa, kama aliyeona pindo limepinda.

Nainama. Nanyanyua viganja nipige makofi.
"Hapana. Hapa unataja kwanza jina la mama yako,
jiwe lijue umetoka tumbo gani."

Koo linakauka. Mama yangu, mwanakwaya, sauti ya pili,
aliyezikwa kwa nyimbo nane, mimi nikiwa ng'ambo.
"Leokadia," nasema.

Nkwimba anautoa uzi mdomoni.
"Leokadia mfupi? Anayechechemea?
Aliyekuwa akija Alhamisi, kabla ya mazoezi?"

Mama hakuwa akichechemea.
Au alianza nilipokuwa mbali,
na kwenye simu mguu hausikiki.

"Labda siye," anasema. "Wako wengi."
Hawako wengi.

Ananipa kokoto, ya moto kwa jua.
Nagonga mara moja, polepole,
kama anayebisha kwenye chumba chenye mgonjwa.
Alichokisikia kila mtu ni chake.

Kisha nakigeuza kidevu ziwani, mwenyewe.
Hakuna meli.
Natazama.